Kahawa ya Wageni

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Kwa Bi Ercilia, milimani, magharibi ya Honduras,
nilifungwa kikapu kiunoni kabla sijanawa vumbi,
na mlipaji ni mimi.

Tulikuwa watano: mtu na mkewe, Waholanzi,
kijana wa Seoul aliyebeba mizani yake mwenyewe,
ndogo kama kiberiti,
mjane wa Montreal asiyekunywa kahawa kabisa,
aliyefuata ndege tu,
na mimi.

Nahún alituanzia kwenye minyoo.
Akafunua gunia taratibu
kama amfunuaye mtoto aliyelala.
Maganda ya wiki iliyopita yalikuwa yakigeuka udongo,
bila kelele.
"Hawa ndio vibarua wangu wasiogoma," alisema.
Mjane akacheka peke yake.
Zamani maganda yalimwagwa mtoni,
mto ukanuka siki hadi kwa jirani wa bondeni.
Hilo alilisema akitazama viatu vyake.

Kisha akatuonyesha kivuli.
Mwaka wa kutu ya majani, mlima mzima ulibaki vijiti.
Baba yake akaenda kaskazini,
akawa sauti ndani ya simu, Jumapili kwa Jumapili,
kisha simu nayo ikanyamaza.
Waliobaki walipanda miguama, wakapanda migomba,
wakaipanda mibuni upya chini yake,
wakangoja miaka minne.
Mholanzi akauliza: Mlikula nini miaka hiyo minne?
Nahún akatuonyesha ndege.

"Chumeni jekundu, liacheni la kijani."
Ni rahisi kusema. Lakini mkono una pupa yake,
na tawi la mbuni limebeba rika zote pamoja,
babu na kitukuu wamebanana kikonyo kimoja.
Nusu saa tu, kiuno kikaniuma.
Wachumaji halisi walitupita wakishuka,
magunia migongoni,
wakatusalimu kama watu wasalimiavyo wagonjwa.

Jioni, kuonja.
Vikombe kumi mezani, kijiko kimoja kwa kila mtu,
tukavuta kwa mdomo, fyuuu,
midomo ikilia kama pampu mbovu.
Mholanzi akasema: tini.
Kijana wa Seoul akafumba macho:
chungwa, halafu asali, halafu uani kwa bibi yangu
baada ya mvua.
Nikaulizwa mimi.
Nikasema: kahawa.
Keydi, mjukuu, miaka tisa, mshika daftari,
akaandika kwa herufi kubwa, hakucheka.

Usiku nilitoka kutafuta choo.
Taa iliwaka bandani. Bi Ercilia ameketi juu ya ndoo,
vikapu vyetu vitano vimemwagwa mbele yake,
anachagua:
jekundu huku, kijani kule,
vidole vikienda upesi kama vya mhesabu noti.
Rundo la kijani lilikuwa kubwa.
Nikaijua sehemu yangu kwa majani niliyoyang'oa nayo.
Nikarudi kwa ncha za vidole, choo nikakisahau.

Asubuhi nikaomba ile wanayokunywa wao.
Akasita. Akamimina kutoka birika jeusi.
Ilikuwa na ladha ya maharage mabichi, na moshi,
na ukali unaoshika ulimi nyuma.
"Hiyo ni ya Wajerumani," akasema,
"walikuja Januari. Nzuri zinakwenda bandarini;
za kijani mlizochuma ninyi, tunakunywa sisi."
"Na yetu?"
"Yenu bado kukauka. Labda Aprili."
Basi nikanywa makosa ya Wajerumani, yakiwa moto,
na sukari vijiko vitatu.

Siku ya tatu mvua ilibomoa barabara, basi halikuja.
Hakuna aliyeniambia neno.
Kule hawaijui methali yetu, nina hakika.
Lakini nilipofungua mlango,
jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani,
mpini wake umefutwa tope.