Thelathini na Tano kwa Arobaini na Tano

Kaa hapo, Mama Tapkigen. Kidevu juu kidogo.
Kitambaa kitoke, masikio yote mawili yaonekane,
shuka nyeupe nyuma yako isiwe na kunyanzi.
Na usicheke.
Hiyo nchi haitaki meno.

Akacheka.

Kibanda changu kiko Bondeni, upana wake hatua nne.
Nimepiga humu picha za kitambulisho, za leseni,
za maharusi waliokosana kabla sijazisafisha.
Ya viza ya utalii ilikuwa ya kwanza.
"Utalii?" niliuliza, maana watalii tunaowajua Nakuru
hupita na gari lililofunguliwa paa, pua nyekundu,
wakielekea lango la mbuga.
"Ndiyo, utalii. Naenda kutazama, narudi."

Nchi yenyewe tuliitafuta kwenye simu yangu.
Luxemburg. Ikajificha chini ya ukucha.
Ukiitia ndani ya kaunti yetu inaingia mara mbili
na pa kulishia ng'ombe panabaki.
Lakini masharti yake hata shimo la Menengai halingeyameza:
pasi iishi miezi mitatu baada ya safari kwisha,
taarifa ya benki, muhuri juu ya muhuri,
bima ya euro elfu thelathini asije akavunjika mguu ugenini
(mguu uleule uliovunjikia Njoro ukafungwa kwa ubao),
kitanda kilipiwe kabla ya usingizi,
tiketi ya kurudi kabla ya ruhusa ya kwenda.

Miaka ishirini na sita alikata waridi.
Saa kumi na moja alfajiri liko kwenye ndoo,
kesho kutwa liko mezani kwa mtu, huko huko.
"Nalo lilikuwa na cheti," aliniambia,
"cheti cha kwamba halina wadudu.
Ila halikuulizwa litarudi lini."

Picha ya kwanza ilikataliwa: kivuli shavuni.
Ya pili: ukingo wa jino.
Mara ya tatu alikuja kimya, akaniwekea mikono mezani.
Mashine ya Nairobi imevikataa vidole vyake.
Wamesema bonyeza, amebonyeza. Pangusa, amepangusa.
Kioo kimebaki kama hakikuguswa na mtu.
Nikavileta kwenye taa: laini, vinang'aa,
miiba imekula mistari yote.
"Nimekuwa kama chupa," akasema.

Na yule wa dirishani alikuwa amemwuliza,
bila ubaya, kama anayeuliza saa:
Nini kitakurudisha kwenu?
Shamba? Robo ekari, hati ina jina la marehemu baba mkwe.
Mume? Ametangulia.
Kazi? Barua aliyo nayo ni ya kustaafu.
Tukakaa mimi na yeye tukitafuta sababu
kama watu walioangusha ufunguo nyasini.
Nje mtu alikuwa akipigia mnada sufuria.

"Desemba," akasema ghafla, "ni zamu yangu ya chama!
Wanawake kumi na wanane, elfu mbili mbili.
Nimechanga miezi kumi na sita sijala.
Nani mwenye akili atakimbia zamu yake?"

Barua niliichapa mwenyewe kwa kompyuta ya jirani.
Wenzake wakatia sahihi, wengine dole gumba,
wino mweusi kama zambarau,
na hayo madole yalisomeka.

Kisha nikampiga tena. Nilimwambia awaze foleni ya benki.
Ikatoka sura ya mama nisiyemjua,
sahihi kwa kila milimita.
Hiyo ndiyo iliyokwenda.

Walisema siku kumi na tano. Leo ni ya kumi na tisa.

Zile mbili zilizokataliwa nimezibandika ukutani.
Jana kijana wa picha ya leseni akazikodolea macho:
"Ni nani huyu anayecheka hivi?"
"Mtalii," nikamjibu. "Kaa wima.
Wewe unaruhusiwa meno."