Ndimu na Majivu

Mimi ndiye niliyeanza kuziba pua.
Nasema leo, kwa kuwa siku ile
Mwalimu Ng'washi alipouliza ni nani
nilitazama dari, nikahesabu mbao.

Nyangeta alikuja na sare iliyofuliwa,
kola imenyooka, soksi nyeupe kuliko zangu,
ila dagaa walikuwa wamemtangulia,
wamekaa kwenye nywele, kwenye daftari,
kwenye kila ukurasa alioufunua.
Dawati la watu watatu
likawa lake peke yake.

Mwalimu hakushika fimbo.
Aliandika ubaoni: Kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Tukanakili kwa mwandiko mzuri.
Nilipata kumi juu ya kumi,
na kengele ilipolia
nikaziba pua tena.

Jumamosi akatupeleka mwaloni, Igombe,
alfajiri, miayo bado midomoni.
Hakuhutubia. Alisema tu:
"Mama Nyangeta kavunjika mkono,
dagaa wake wametandazwa,
na kule upande wa Ukerewe mbingu imekuwa nyeusi."

Kuanika hukujui mpaka uanue.
Unapiga magoti, unazoa kwa viganja,
kwa kipande cha sahani,
mchanga unaingia kuchani,
magamba yanang'ang'ania vidole,
na mvua haimngoji mtu.
Ndoo mbili tuliziokoa.
Ya tatu ilikwenda na maji ziwani ilikotoka,
nikamsikia yule mama akihesabu,
wala si dagaa aliokuwa akihesabu:
"Daftari. Mchango wa mtihani. Soksi."

Soksi.

Nyumbani nilinawa mara nne.
Dada akaisogeza sahani yangu kwa ncha ya kidole:
"Kalie nje huko, unanuka."
Nikala kibarazani, ugali umepoa,
kila tonge likipita puani kabla ya mdomoni,
na aibu nimeipakata
kama mtoto wa jirani, sijui nimrudishe kwa nani.

Jumatatu nilisimama kando ya dawati lake.
Maneno niliyoyatunga njiani
yalikuwa yamebaki njiani.
Akasogea.
Akaunusa mkono wangu, akacheka kidogo.
"Sabuni haitoi," akasema.
"Sugua kwa majivu, halafu ndimu."

"Sasa mbona wewe..." nikaanza.

"Ndimu moja mia mbili,"
akasema Nyangeta,
akafunua daftari.