Kichupa cha Maureen

Wilf Ackroyd alikuja na ndoo ya rangi,
mfuniko umezungushiwa utepe,
akaitua juu ya meza yangu ya maabara
kama mtu anayelipa deni la zamani.
"Kilo tano," akasema.
"Huko Knottingley kimebaki kilima kizima."

Majivu. Laini kuliko unga wa sembe,
rangi ya ubawa wa njiwa,
na kila chembe ni tufe dogo la kioo
lililopulizwa na moto, kisha likasahauliwa.
Miaka thelathini na mmoja Wilf aliyavizia
kooni mwa dohani ili yasiruke,
na bado yaliruka: Maureen alianua mashuka Jumatatu,
akayafua tena Jumanne.
Minara ilibomolewa asubuhi ya Jumapili.
Watu walikuja na viti vya kukunja na chai ya chupa,
minara ikapiga magoti, ikalala.
Kikohozi chake hakikubomolewa.

Kwetu tunasema moto huzaa majivu,
tena tunasema kwa midomo iliyobetuliwa:
baba shujaa, mwana goigoi.
Lakini shangazi yangu Mwanahawa
hakuwa na nafasi ya methali, alikuwa na masizi.
Majivu aliyasugulia sufuria,
akahifadhia maharage yasibunguliwe,
akayachuja kwa maji yakatoka makali,
yanateleza vidoleni,
akapikia kunde zikaiva kabla ya adhuhuri.
Alikuwa mkemia. Hakuna aliyempa koti jeupe.

Mimi ninalo. Lina doa la chai.

Basi nikapima: majivu, maji, magadi makali,
nyuzi tisini, mchana kutwa na usiku kucha.
Mara ya kwanza nilikoleza mno.
Fuwele zilitoka, sikatai, ila vyumba vyake vilikuwa finyu,
hata mgeni mwembamba hakupata pa kuketi.
Mara ya pili tanuri lilizimika Ijumaa usiku,
Jumatatu nikakuta uji.
Mara ya tatu hadubini ikanifungulia mji:
mchemraba umeegemea mchemraba,
kila nyumba na mlango wake,
kila mlango na kipimo chake,
huyu apite, yule abaki barazani.
Zeolaiti. Nilitamka peke yangu, saa tatu usiku,
friji ikinguruma.

Nikampigia Wilf. Akaja na Maureen,
makoti yao yakidondosha mvua sakafuni.
"Sasa kazi yake nini?"
Inakamata amonia kwenye maji machafu, nikamwambia,
inashika risasi, inaiachia maji njia.
"Bwawa langu la samaki je?"
Bado. Makaa yalikuja na aseniki yake,
na sijapima vya kutosha kujua imejificha wapi.
Samaki wako wasubiri.
Akanuna. Ana samaki kumi na wawili, wote wana majina.

Kwa hiyo nikatoa kijiko kimoja tanurini,
nikakiacha kipoe ndani ya kichupa chembamba,
nikakiweka kiganjani mwa Maureen,
nikadondosha maji ya bomba. Matone manane.
Akashtuka, nusura akiangushe.
Akampa mumewe. Wilf akakifumbata.
Unga ulikuwa umepoa, maji yalikuwa ya Februari,
na kichupa kilikuwa moto kama yai
lililotoka sasa hivi chini ya kuku.

Nilikuwa na maelezo:
maji yakiingia vyumbani, joto hutoka mlangoni.
"Bado umo humo," Wilf alisema,
na nikajua anausema moto,
nikayameza maelezo yangu.

Kilima kiko palepale. Nyasi zimekiota,
sungura wamekitoboa mashimo.
Sisi tumekipunguzia ndoo moja.

Maureen alikaa na kichupa mpaka kikapoa kabisa.
"Ndiyo basi?"
Ukikikausha, nikasema, kinaanza upya.
Akakitia mfukoni bila kuniomba.
Wilf akachukua ndoo yake tupu,
akakohoa ngazi zote tatu hadi chini.