Usipepese

Mji unaitwa Shari, na wewe msomaji usicheke:
huko Hokkaido neno hilo halina ugomvi ndani yake.
Ni bahari iliyoganda, mashamba ya viazi chini ya theluji,
na studio moja ya picha karibu na stesheni,
pazia lake la kijivu limepauka katikati,
pale zilipopita nyuso miaka arobaini na moja.

Kaa wima. Kidevu juu. Tazama hapa. Usipepese.
Shizue aliwaambia hayo watoto wa shule wenye kola mpya,
akawaambia maharusi, na madereva wa kutafuta leseni,
na wazee waliokuja peke yao, suti zikinuka kafuri,
kupiga mapema picha ya kuwekwa mbele ya jeneza.
Mmoja wao, Iwabuchi wa viazi, aliuliza:
"Mbona nitoe macho, na siku hiyo nitakuwa nimelala?"
Shizue alicheka. Akampiga. Macho wazi.
Waliofumba walikwenda kwenye ndoo.

Iwabuchi alilala mwezi wa pili.
Binti yake akaleta mbwa, wa wiki moja tu, alisema,
na wiki hiyo haijaisha hadi leo.
Siku tatu Kuri alisimama mlangoni,
masikio wima, kidevu juu, hapepesi,
kama anayepigwa picha na mtu ambaye hafiki.
Siku ya nne alilivuta pazia la kijivu mpaka chini,
akalizunguka mara tatu, akajikunja juu yake
kama ngata iliyovuliwa kichwani baada ya mzigo.
Pua chini ya mkia. Mbavu zikipanda, zikishuka.
Shizue alipiga magoti, na magoti yake yakalia,
akapiga picha ya kwanza ya maisha yake
ambayo hakumwamuru mtu chochote.

Basi akaendelea.
Paka wa duka la tambi, ndani ya bakuli la kukandia,
amelijaza mpaka ukingoni kama unga ulioumuka.
Kindi katika tundu la mti, kitanzi cha manyoya,
huwezi kusema anaanzia wapi.
Majirani walianza kumgongea usiku:
"Njoo upesi, sungura wetu amelala!"
Akifika, sungura anatafuna, anamtazama.
Filamu nyingi ziliharibika hivyo,
kwa jicho lililofunguka.
Aliziweka kwenye ndoo ileile.

Wa mwisho nitakayemtaja ni mbweha.
Alikuwa nyuma ya ghala la reli, upande usio na upepo,
theluji imeshaanza kumhesabu kuwa sehemu ya ardhi.
Duara jekundu, tupu la sauti.
Shizue alisogea kwa tumbo, mwanamke wa miaka sabini na tatu,
barafu ikimwingia mikononi,
akapima mwanga, akazuia pumzi.

Ndipo jicho moja likafunguka.
La manjano. Halikuogopa, halikuuliza.
Lilimtazama kama alivyowatazama watu wote wale
kutoka nyuma ya kioo,
na kwa mara ya kwanza alijua ilivyokuwa
kukaa pale kwenye kigoda, umepangwa mabega,
unangoja mtu mwingine aamue kuwa imetosha.

Waswahili husema usimwamshe aliyelala,
ukimwamsha utalala wewe.
Yeye hakuijua methali hiyo. Kidole chake kiliijua.
Aliishusha kamera taratibu.
"Pepesa," alinong'ona. "Pepesa tu."

Jicho likafumba.

Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye reli.
Nyumbani, Kuri alivinusa viatu vyake kwa muda mrefu,
harufu ya binamu wa porini,
akazunguka mara tatu, akaanguka kwenye pazia.
Ndani ya kamera imebaki nafasi moja.
Shizue aliitazama, akatazama mbwa,
akavua soksi zilizolowa, akazima taa.