Bati Kumi na Mbili

Wiki ya mwisho ya Juni, upepo wa Dodoma
unapekua makaratasi kama mkaguzi.
Chumba changu kiko Barabara ya Tisa, nyuma ya duka la vipuri,
na wateja huja siku ile ile wanayoiogopa.

Mhembano alikuja na boksi la viatu.
"Mbukwa," akasema, akalifungua:
risiti za mashine zilizofifia hadi zikasahau bei,
za magunia, za dizeli, za ushuru wa alizeti Kibaigwa,
na chini kabisa, nyuma ya kadi ya kliniki,
mwandiko wa nesi:
Tumepokea bati arobaini, geji ishirini na nane.
Wodi ya wazazi imefunikwa. Ahsante.
Muhuri wa zahanati ya Mpunguzi umegongwa mara mbili,
wa kwanza ulikosa wino.

"Hii nayo inahesabiwa?"

Shuleni tulifundishwa kutoa: kumi toa tatu.
Kanisani tuliambiwa toeni, kikapu kikapita.
Neno ni lile lile, nami sikuliona
mpaka nilipoketi na kalamu kati ya Mhembano na Hazina:
alichokitoa, nakitoa
kwenye pato lake, kodi kabla haijalifikia.

Nikamweleza. Kadi ya kliniki haitoshi, lete barua ya kijiji.
Na sheria imeuwekea ukarimu dari;
ukiipita dari, huko juu unatoa peke yako.
Bati zako ziko chini ya dari.
"Bati chini ya dari!" Akacheka. "Fundi gani huyo?"

Alirudi kesho yake na barua, vumbi hadi kwenye kope.
"Nimepunguziwa ngapi? Usinitajie shilingi.
Nitajie bati."
Nikabonyeza kikokotoo. Kumi na mbili.
"Kumbe nimetoa ishirini na nane."
"Umetoa arobaini. Kumi na mbili zimerudi."
"Zimerudi kutoka wapi?"

Hapo kalamu ikakwama.
Hazina hailimi alizeti.
Nje ya dirisha Sechelela alikuwa anapima karanga kwa kikombe.
Hana namba ya mlipakodi, hana boksi,
ila sabuni yake ina kodi, na vocha yake, na kiberiti.
Huenda bati moja ni lake, au nusu,
au ule msumari wa pembeni,
na hakuna aliyemuuliza kama Mpunguzi anaitakia mema.

Nilimuuliza mimi, jioni, nikinunua za mia tano.
Akasema mdogo wake alijifungulia pale
ameshikiwa mwavuli.
Akaniongeza karanga, kiganja kizima, bila kupima.

Mhembano hakujifanya mtakatifu.
"Nilikusudia ishirini na tano," alisema akitia sahihi.
"Shemeji ndiye aliyeninong'oneza kuna punguzo."
Kutoa ni moyo, tunasema.
Bati kumi na tano zilitoka kwa shemeji.
Nimezijumlisha na zile nyingine; fomu haina safu ya moyo,
na mtoto aliyelala chini yake
hatajua lipi ni lipi.

Desemba nilipita Mpunguzi kwa shughuli nyingine,
mvua ya kwanza ikatukimbiza sote wodini,
mimi, Mhembano, kina mama watatu, na mbuzi wa mtu.
Juu yetu arobaini zilikuwa zinapigwa kwa pamoja,
kelele hadi nesi akawa anaongea kwa mikono.
Kisha tone. Kwenye kona, karibu na mzani wa watoto.
Jingine.
Mhembano akainua kidole:
"Lile pale ni la serikali!"
Tukacheka, hata aliyekuwa na uchungu akacheka nusu,
akashika ukingo wa kitanda.

Nesi akaleta ndoo yake ya nyumbani, ya bluu, mpini umefungwa kamba.
Akaitega.
Stakabadhi ya ndoo hakuna aliyeiandika.