Kikombe cha Kumi na Tisa

Juni, Shikoku. Mvua hainyeshi, inakaa tu,
kama mgeni aliyekwisha vua viatu.
Kiwanda cha karatasi kinatema mvuke
na mawingu yanaupokea bila kuuliza.

Bandu bandu huisha gogo, walisema waliotangulia.
Hawakusema gogo likiisha huwa nini.
Huwa uji mweupe ndani ya chupa:
nyuzi za mwerezi zilizopasuliwa, zikapasuliwa tena,
hata jicho likazikana.
Naipindua chupa. Uji haumwagiki.
Unafikiri kwanza.

Nauchanganya na udongo wa Yamagata,
vigae vyembamba kuliko wazo la ukuta,
vilale bapa, kimoja juu ya mgongo wa chenzake,
ili mvuke ukitaka kupita
uzunguke, upinde, urudi, uulize njia,
uchoke.

Hayo ni matumaini. Hesabu ni nyingine.

Kila saa mbili, usiku na mchana, napima vikombe:
chumvi kavu ndani, utando juu, nta pembeni,
na mizani, shahidi asiyehongeka.
Hewa ikiwa kavu, utando wetu ni ngome;
hata oksijeni hubisha hodi ikarudi ilikotoka.
Lakini pandisha unyevu ufike asilimia themanini,
na nyuzi zinakumbuka.
Zilikuwa mti. Zilikunywa mvua miaka sitini.
Utauambiaje mti usahau maji?
Zinavimba, zinavisukuma vigae,
na haba na haba, chumvi yangu inalowa.
"Haujavuja," husema Mwalimu Hatano, "umekaribisha."
Hucheka peke yake.

Mama yangu, Tsuruyo, huchoma biskuti za mchele
nyuma ya stesheni, mlango wa tatu.
Hana mizani. Ana sikio.
Huivunja biskuti karibu na shavu:
ikisema *ka!* huiuza;
ikinyamaza, ni ya kunguru.
Juni nzima huzifunga kwa plastiki ya tabaka tatu,
plastiki ileile aikutayo ufukweni Jumapili,
nzima, inang'aa, haina haya.

Tukaupika utando. Tukaukandamiza kwa chuma cha moto.
Tukaitoa sodiamu udongoni, maana ni mlevi wa maji,
tukaweka kalisiamu, yenye kiasi.
Kisha Hatano akaleta asidi ya malimau,
unga mweupe kwenye kikopo cha chai,
tukapandisha joto hadi nyuzi mia na hamsini,
na ile mikono midogo ya selulosi,
iliyozoea kuyapungia maji,
ikashikana yenyewe kwa yenyewe.

Saa tisa usiku, kikombe cha kumi na tisa:
tarakimu ya tatu haikusogea.
Nikadhani mizani imekufa.
Nikapima sarafu. Nikapima kifungo cha koti langu.
Mizani hai.
Nikakirudisha kikombe kabatini polepole,
kama mtu anayemlaza mtoto asiye wake.

Nikachukua kipande, nikafungia biskuti sita,
nikabandika kingo kwa gundi ya maabara.
Mama akaandika tarehe kwa penseli,
akakitundika dirishani, mvua ikakiangalia.
Siku ya tano: *ka!*
Siku ya tisa: *ka!* na mama akanitazama
kama alivyonitazama nilipofaulu mtihani
ambao hakuuelewa ulikuwa wa nini.
Siku ya kumi na moja, kimya.

Akaugeuza mfuko mwangani, hakusema neno.
Kidole kikapita juu ya utando, hakikusimama.
Kikafika kwenye kingo, kikasimama.
"Limepitia hapa."

Nyumba yangu haina mlango, huuliza kitendawili,
na kila mtoto hujibu: yai.
Yetu tuliijenga ukuta kwa ukuta, miaka minne,
na mlango tukauweka wenyewe,
kwa brashi.

Mama akaila ile laini, asiitupe.
Akauliza gundi ile ilipikwa kwa nini.
Sikujua. Nikaliandika swali lake kiganjani
nikiwahi treni ya usiku,
na kabla ya kufika stesheni
wino ulikwisha anza kutambaa.