Gita la Mapajani

Nilianza na hesabu, maana hesabu haina aibu:
laki tatu na nusu ndani ya bahasha ya kaki,
nauli ya Kampala nimeitenga, kwenda na kurudi,
na ya sabuni nimeiacha nyumbani chini ya sahani.

Dukani kijana Ssentongo akanishushia la Kijapani,
jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Laki tisa.
Aliutazama mkono wangu wa kushoto, akahamisha macho haraka.
Tazama tu, nikamwambia, haukuibiwa.
Mkanda wa mashine ya kusaga, sokoni Tororo,
ulichukua ulichotaka. Vidole viwili vimebaki vimejikunja,
kubana uzi haviwezi tena,
ila kipande cha chuma vitakishika hadi kiama.
Ndiyo maana nataka gita la kulaza mapajani
kama mtoto anayetafutwa chawa.

Nikauliza maswali ya mnunuzi wa mbuzi.
Ubao umenyooka? Funguo zinashika au zinateleza?
Hii sumaku inayosikiliza nyuzi
imefungwa, au imebandikwa kwa gundi jana?
Nyuzi ziko juu, akaomba radhi. Ziache juu,
hapa habanwi mtu.
La laki tisa lilikuwa zuri. Uzuri wake ulikuwa wa mtu mwingine.
Chini ya kaunta likavutwa la mbao tupu, halina jina,
ufunguo mmoja umepoteza kichwa.
Laki mbili na themanini.
Nikaligonga kwa kifundo. Likaitika
kabla sijaondoa mkono.

Chuma sikununua. Obbo, fundi wa bodaboda,
alinikatia kipande cha shokomzoba
akakipiga msasa mpaka nikaiona pua yangu ndani yake.
Hakutaka pesa. Alitaka nisipige alfajiri.

Kisha visanduku vya kukanyaga, vitatu, mitumba,
kwa magunia mawili ya unga.
Cha kwanza kinasaga sauti. Nilicheka peke yangu:
miaka kumi na minane nimesaga,
na hiki nacho kinataka tuendelee!
Cha pili mwangwi. Cha tatu ni ukumbi,
maana chumba changu ni futi kumi kwa kumi, na bati.
Usiku wa kwanza nilitanguliza ukumbi, kisagio nikakiweka nyuma;
ikawa kama kanisa zima limemwagwa kinuni na waumini wake.
Nikageuza. Kisagio mbele, kitufe karibu na sifuri,
chenga tu, ule unga unaobaki kwenye kope.

Spika ikanguruma nyuki.
Nikapigilia nondo ardhini nje ya mlango,
nikaunga waya, nikamwagia maji ya kuoshea vyombo.
Nyuki wakatua. Si wote.

Mwangwi ndio ulionikosesha usingizi.
Ukiwa wa haraka, unanidakiza. Ukichelewa, unanisahau.
Jumapili nikaenda chini ya Jabali,
nikaliita jina la mama kwa sauti yote: Nyaketcho!
Jabali likalirudisha limekatika kichwa,
ketcho,
nami nikahesabu. Nusu pumzi na kitu kidogo.
Nikarudi nimeifunga ile hesabu mdomoni kama maji,
sikumsalimu mtu njiani,
nikakizungusha kitufe mpaka pale, nikakiwekea plasta.

Lugha ya mama hupanda na kushuka ndani ya neno moja.
Gita la zamani, lile la vidole kumi,
liliikata kama ngazi. Chuma hakijui ngazi.
Niliteleza kutoka uzi wa tatu, polepole,
nikasita pasipo na jina, katikati ya sauti mbili,
na jabali likajibu ndani ya kisanduku.

Awor wa jirani akasukuma mlango, ungo wa njugu kiunoni.
Amekufa nani?
Hakuna, nikasema. Narekebisha mitambo.
Akanitazama. Akaitazama nondo, nyaya, plasta.
Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akaanza kumenya.
Haya, akasema. Rekebisha tena.